Aliyerukwa Ana Pete, Aliyemruka Hana

Swali: Shikamoo kocha. Kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kikapu tunabishana mpaka giza linaingia. Mmoja wetu anasema ukubwa wa mchezaji ni pete za ubingwa, basi: Bill Russell 11, Jordan 6, LeBron 4, mjadala umefungwa. Mwingine anasema pete za Russell ni za enzi za timu nane, hazina maana. Mimi ni mtu wa Allen Iverson, na kila nikimtaja naambiwa hana pete, nikae kimya. Mafanikio ya hatua ya mtoano yana uzito gani hasa tunapolinganisha wachezaji wa nyakati tofauti? Na wewe ungewapanga vipi? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na huyo Iverson wako, maana ndani ya usiku wake mmoja umo karibu ubishi wenu wote.

6 Juni 2001, Los Angeles, mechi ya kwanza ya fainali ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Lakers ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant ilikuwa haijapoteza mchezo hata mmoja tangu mtoano uanze, 11 kwa 11. Philadelphia ya Iverson ilifika imechoka, imetoka kupigana mechi saba na Toronto na nyingine saba na Milwaukee. Hata hivyo wakawaburuta wenyeji mpaka muda wa nyongeza. Mwishoni mwa muda huo Iverson akapokea mpira pembeni kulia, mbele kabisa ya benchi la Lakers, akambabaisha Tyronn Lue, akarudi nyuma hatua moja, akatupa, ukaingia. Lue alikuwa ameshaanguka miguuni pake. Iverson akamtazama, akanyanyua goti juu, akamruka kama mtu anayeruka mfereji, akarudi kukaba. Alimaliza na pointi 48, Philadelphia wakashinda 107-101.

Kwetu mtoto akirukwa, bibi hupiga kelele: rudi umruke tena, la sivyo hatakua! Lue hakurukwa mara ya pili, na alikua vizuri tu. Siku tisa baadaye Lakers walikuwa wameshashinda mechi nne mfululizo, Lue akapata pete yake ya pili. Mwaka 2016 akaongeza ubingwa mwingine akiwa kocha wa Cleveland. Iverson alistaafu mikono mitupu.

Kwa hesabu ya rafiki yako, basi, aliyerukwa ni mkubwa kuliko aliyemruka. Mwambie alitamke hilo kwa sauti mbele ya wenzenu uone kama atalimaliza. Mwambie pia kwamba Robert Horry ana pete saba, moja zaidi ya Jordan, na hakuwahi kuchaguliwa hata mara moja kwenye mechi ya nyota. Jonathan Kuminga, kijana aliyezaliwa Goma, alivaa pete na Golden State mwaka 2022 akiwa na miaka 19. Charles Barkley, Karl Malone na Elgin Baylor walizeeka uwanjani wakiitafuta. Na Kareem Abdul-Jabbar ana pete sita sawasawa na Jordan, pamoja na tuzo sita za MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, ambazo hakuna aliyezifikia, lakini kwenye mabishano ya vijiweni neno "sita" lina mwenyewe mmoja tu. Ukimsikiliza vizuri mtu anayesema anahesabu pete, utagundua ameshachagua mchezaji wake kwanza, hesabu imekuja baadaye kumtetea.

Sasa nisije nikaonekana nasema mtoano haujalishi. Unajalisha sana, na una haki ya kujalisha, kwa sababu mtoano ni mchezo mwingine. Msimu wa kawaida una mechi 82. Timu inashuka usiku kwenye mji, inacheza kesho yake, inapanda ndege. Kocha hana muda wa kumchambua mpinzani mmoja mmoja. Mtoano ukianza unakutana na watu walewale mpaka mara saba ndani ya wiki mbili. Wanakusoma kama mwanafunzi anavyosoma usiku wa kuamkia mtihani. Kama una mkono mmoja tu wa kupenyea, mechi ya pili watakuwa wameuziba. Kama hujui kukaba, kila shambulio watamtafuta mtu wa kukuleta mbele ya mchezaji wao bora, mara kumi, mara ishirini, mpaka kocha wako akutoe.

Mimi mwenyewe nimelipata hilo, kwenye ligi ya mkoa tu. Nilikuwa na winga aliyefunga pointi ishirini msimu mzima akipenya kulia. Mechi ya kwanza ya nusu fainali akafunga 22. Mechi ya pili yule mkabaji wao akasimama nusu hatua upande wa kulia kwake, mkono umenyooshwa chini, kana kwamba anamwonyesha njia ya kushoto. Mwanangu yule akamaliza na pointi nne. Mimi benchi sikuwa na jibu, kwa sababu mazoezini sikuwahi kumlazimisha atumie kushoto. Watu walimsema yeye. Kosa lilikuwa langu zaidi ya nusu.

Halafu kuna idadi ya watu uwanjani. Kwenye soka mshambuliaji anaweza kukaa dakika ishirini bila kuugusa mpira na asilaumiwe. Kikapu ni watu watano, na mtoano unapokaza makocha hupunguza wachezaji wanaowatumia kutoka kumi hadi nane au saba, nyota anacheza dakika 40 na zaidi kati ya 48. Anashika mpira karibu kila shambulio, anakaba pia. Ndiyo maana ni halali kumdai mchezaji mmoja wa kikapu matokeo kuliko tunavyomdai mchezaji mmoja wa soka, ingawa hata huko tulimsumbua Messi na Kombe la Dunia mpaka 2022.

Mfano safi wa mtoano kusema ukweli ni Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos, mwaka 1995. Tuzo ya MVP ilikwenda kwa David Robinson wa San Antonio, na haikuwa dhuluma. Alikuwa na msimu mzuri. Wakakutana kwenye fainali ya Kanda ya Magharibi. Robinson akakabidhiwa kombe lake mbele ya mashabiki wake, kisha Olajuwon akaanza kazi: anampa mgongo, anayumbisha bega kushoto, Robinson anaruka, yeye bado hajatupa. Wastani wake kwenye mechi hizo sita ulikuwa pointi 35.3. Houston walikuwa wameingia mtoano wakiwa nafasi ya sita, nafasi ya chini kuliko bingwa yeyote kabla yao au baada yao. Msimu wa kawaida ulikuwa umetuambia wale wawili wanalingana. Mechi sita zikasema hapana.

Kinyume chake ni Rudy Gobert mwaka 2021. Utah ndio walioongoza ligi nzima, naye ndiye mkabaji bora wa mwaka kwa mara ya tatu. Wapinzani wao Clippers, tena bila nyota wao Kawhi Leonard aliyekuwa majeruhi, wakaweka uwanjani watu watano wote watupaji. Gobert akatakiwa kuchagua: alinde ringi, au amfuate Terance Mann kwenye kona? Alilinda ringi, kama alivyofanya maisha yake yote, na Mann akamaliza mechi ya sita na pointi 39, Utah wakapoteza uongozi wa pointi 25 na msimu ukaisha. Tangu siku hiyo jina la Gobert halitajwi bila "lakini". Niseme ukweli, walinzi wenzake wa mbele walikuwa wanapitwa kama milango iliyoachwa wazi, na yeye ndiye aliyekuwa anafunika makosa yao. Lakini picha iliyobaki ni yake akikimbilia kona amechelewa.

Na wakati mwingine mtoano unampandisha mtu kuliko alivyo. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alikuwa Toronto mwaka 2016, msimu wa kawaida wastani wake pointi 5.5 na ribaundi 8, yaani mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa. Jonas Valančiūnas akaumia katikati ya mtoano, Biyombo akaanza. Mei 21, mechi ya tatu dhidi ya Cleveland ya LeBron, akadaka ribaundi 26. Kiangazi hicho hicho Orlando wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Nafurahi kwa ajili yake, na Lubumbashi nzima ilifurahi, ila zile zilikuwa wiki chache, na hakuwahi kurudia kiwango kile.

Kwa hiyo mtoano ni shahidi mzuri. Shida ni kwamba pete siyo ushahidi wenyewe. Ni hukumu iliyoandikwa kwa neno moja, ameshinda au ameshindwa, na humo ndani kuna mikono ya watu kumi na tano, kocha, majeruhi na bahati.

Hapo ndipo tumfikie Russell, na hapa rafiki zako wote wawili wana haki, kila mmoja kwa nusu yake.

Russell alicheza misimu 13 Boston, kuanzia 1956-57 hadi 1968-69, akachukua ubingwa mara 11. Alipoanza ligi ilikuwa na timu nane. Mwaka wake wa kwanza Boston waliongoza upande wa Mashariki wakaingia moja kwa moja kwenye fainali ya upande huo. Walihitaji ushindi wa mechi saba tu ili wawe mabingwa. Jordan kwenye miaka ya 1990 alihitaji ushindi 15, kwa kuwa raundi ya kwanza ilikuwa ya kuwahi mechi tatu. Tangu 2003 ni 16. Ukizifanya pete kuwa mawe ya mizani, basi kubali kwamba mawe hayo hayalingani kilo. Ongeza kwamba wachezaji weusi walikuwa wanabanwa kwa kanuni isiyoandikwa ya kutozidi idadi fulani kwenye timu, wageni kutoka nje karibu hawakuwepo, na mchezaji hakuwa na uhuru wa kuhama. Klabu ndiyo iliyokuwa na haki naye. Kundi zuri likishakusanyika, kama la Boston, lilikaa pamoja miaka na miaka.

Lakini mwenye hoja ya timu nane asahau kusema upande wa pili? Timu nane maana yake nafasi za kazi karibu mia moja kwa nchi nzima. Hakuna timu ya kupumzikia. Leo nyota anaweza kumaliza mtoano bila kukutana na mpinzani wake mkubwa hata mara moja. Russell alikutana na Wilt Chamberlain kwenye mtoano mara nane, akamtoa mara saba.

Na kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mitupo iliyozuiwa na mipira iliyoporwa haikuhesabiwa rasmi na NBA mpaka msimu wa 1973-74. Russell alikuwa ameshastaafu. Yaani kazi yake yenyewe, ile aliyokuwa bora kuliko binadamu yeyote, haikuandikwa popote. Hakuna karatasi ya kuonyesha alizuia mitupo mingapi, wala ni mingapi haikutupwa kabisa kwa sababu yeye alikuwa amesimama pale. Chukua msimu wa 1961-62. Chamberlain alifunga wastani wa pointi 50.4, na Machi 2, 1962 alifunga 100 kwenye mechi moja huko Hershey, Pennsylvania. Russell wastani wake ulikuwa 18.9. MVP alikuwa nani? Russell. Na aliyempigia kura hakuwa mwandishi wa Boston. Enzi hizo, mpaka 1980, wachezaji wenyewe ndio waliopiga kura ya MVP. Watu waliokuwa wanapenya kwenda kwenye ringi wakimkuta, wale waliojua usiku upi walikwenda kazini na tumbo la kuunguruma, walimweka juu ya mtu wa pointi 50.

Kwa hiyo kwa Russell pete haijawekwa juu ya takwimu zake kama pambo. Pete ndiyo takwimu iliyokosekana. Ni ile alama ya maji ukutani inayokuambia mafuriko yalifika wapi, ingawa hukuwepo.

Na huu ndio msimamo wangu mzima, ndugu yangu, mengine yote ni matawi yake: pete izungumze kwa sauti pale ambapo hatuna kingine cha kumpimia mtu, na ipunguze sauti kadiri tunavyokuwa tumemwona kwa macho. Sisi tunafanya kinyume. Nyota wa leo ambaye kila hatua yake imepigwa picha na kuhesabiwa, tunamfungia mdomo kwa pete. Wa zamani ambao pete zao ndizo karibu ushahidi pekee, tunawaambia timu zilikuwa nane.

Hata hizo 11 zenyewe zilining'inia kwenye uzi. Aprili 1962, mechi ya saba ya fainali, Boston na Lakers, 100 kwa 100, sekunde za mwisho. Frank Selvy wa Lakers anatupa akiwa karibu, upande wa kushoto. Mpira unagonga ringi, unatoka, Russell anaudaka. Muda wa nyongeza, Boston 110, Lakers 107. Russell alikuwa na pointi 30 na ribaundi 40, na sidhani kuna mtu atamnyima sifa. Lakini mtazame wa upande wa pili, Elgin Baylor. Msimu huo alikuwa kwenye jeshi la akiba, akicheza pale alipopata ruhusa. Kwenye mechi ya tano ya fainali hiyo, ndani ya Boston, alifunga pointi 61, na hakuna aliyewahi kufunga zaidi ya hapo kwenye mechi ya fainali mpaka leo. Mtupo wa Selvy ungeingia, Russell ana 10 na Baylor ana moja, na Baylor asingekuwa ameingia kwenye kumbukumbu kama mtu ambaye timu yake ilifika fainali mara nane bila kushinda. Je, ukubwa wa Baylor ulikuwa mikononi mwa Selvy?

Watu wa wakati ule, nadhani, walikuwa wepesi zaidi kulikubali hilo. Mwaka 1969, mara ya kwanza tuzo ya mchezaji bora wa fainali kutolewa, ilikwenda kwa Jerry West wa Lakers, timu iliyofungwa. Mmiliki wa timu yake alikuwa ameshatundika mapulizo kwenye dari ya ukumbi kusubiri sherehe. Boston wakashinda mechi ya saba 108-106, mapulizo yakabaki juu, West akiwa na pointi 42, ribaundi 13 na pasi za mabao 12. Hajatokea mwingine aliyepewa tuzo hiyo akiwa amefungwa. LeBron mwaka 2015, wenzake Kevin Love na Kyrie Irving wakiwa majeruhi, aliwafikisha Golden State mechi sita kwa wastani wa pointi 35.8, na tuzo ikaenda kwa Andre Iguodala, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa anamkaba LeBron.

Nimeshaingia kwa LeBron, tumalizane naye. Hoja ya "Jordan sita kwa sita, LeBron nne kwa kumi" inapendeza sikioni, lakini ichunguze inavyofanya kazi. Inahesabu fainali tu. Jordan kutolewa kabla ya fainali hakuandikwi popote. Misimu yake mitatu ya kwanza, kwenye mtoano alishinda mechi moja na kupoteza tisa. Aprili 20, 1986 alifunga pointi 63 dhidi ya Boston, ndani ya Boston, Chicago wakafungwa 135-131 na hatimaye wakatolewa tatu bila. Detroit wakamtoa 1988, 1989, 1990. Walikuwepo watu wazima wenye akili timamu waliosema huyu ni mfungaji tu, timu ya mfungaji haiwi bingwa. Alipochukua ubingwa 1991 hakuwa amebadilika kuwa mtu mwingine. Scottie Pippen alikuwa amekomaa, Phil Jackson alikuwa kocha, na Detroit walikuwa wamezeeka. Msimu wa 1993-94 alipoacha kikapu akaenda kucheza besiboli, Chicago bila yeye walishinda mechi 55, mbili pungufu ya msimu uliotangulia. Simpunguzii. Namweka wa kwanza, utaona. Nasema tu kwamba hata pete zake hazikuvaliwa na kidole kimoja.

Sasa LeBron 2007, Detroit, mechi ya tano ya fainali ya Kanda ya Mashariki, mbili kwa mbili. Akiwa na miaka 22 alifunga pointi 29 kati ya 30 za mwisho za Cleveland, na zile 25 za mwisho kabisa zote ni zake peke yake. Alimaliza na 48, wakashinda 109-107 baada ya muda wa nyongeza mara mbili. Kwa maoni yangu ni moja ya mechi tano bora alizowahi kucheza mtu yeyote kwenye mtoano. Zawadi yake ilikuwa nini? Alikwenda fainali na kundi lile dhaifu, San Antonio wakawafunga nne bila, na leo ushindi ule umeandikwa kwenye daftari lake kama moja ya fainali sita alizopoteza. Angekosa mitupo ile akatolewa na Detroit, rekodi yake ya fainali ingekuwa safi zaidi. Mizani inayompunguzia mtu uzito kwa sababu alishinda ni mizani mbovu, hata kama imepakwa rangi nzuri.

Lipo fungu ambalo namlaumu kwalo bila kusita: 2011 dhidi ya Dallas. Wastani wa pointi 17.8, na mechi ya nne pointi nane tu, akiwa mzima wa afya, akisimama kona kama mgeni. Hilo ni la kwake. Unaona tofauti? Silaumu kufungwa, nalaumu alichokifanya akiwa anafungwa.

Upande wa pili wa fainali hiyo hiyo alikuwa Dirk Nowitzki, na maisha yake yanaonyesha vizuri jinsi maoni yetu yanavyorudi nyuma kufuta historia. 2006 Dallas waliongoza fainali mbili bila, wakafungwa nne mfululizo na Miami. 2007 akawa MVP, na timu yake iliyoshinda mechi 67 ikatolewa raundi ya kwanza na Golden State ya nafasi ya nane. Miaka minne aliitwa mlaini, Mzungu wa Ulaya anayeogopa. 2011 akashinda, na ghafla ule mtupo wake wa kurudi nyuma kwa mguu mmoja, uleule uliokuwa ushahidi wa ulaini, ukawa silaha isiyozuilika. Stephen Curry naye: mpaka 2022 watu walimwandama kwamba hana tuzo ya fainali. Akafunga 43 ndani ya Boston kwenye mechi ya nne, akaipata, na waliokuwa wanasema wakanyamaza kana kwamba hawakuwahi kusema.

Bahati nimeitaja juu juu, acha niionyeshe mara moja kwa karibu. Juni 2013, fainali, mechi ya sita, San Antonio wanaongoza mechi tatu kwa mbili dhidi ya Miami ya LeBron. Kwetu kulikuwa kumeshakucha. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni na mswaki mdomoni, najiandaa kwenda kazini. Zimebaki sekunde 19 na ushei, Kawhi Leonard yuko kwenye mstari wa mitupo huru. Anapata mmoja, anakosa mmoja: 95-92. Wafanyakazi wa ukumbi wameshaanza kusogeza kamba za njano kuzunguka uwanja kwa ajili ya kukabidhi kombe. LeBron anatupa wa pointi tatu, anakosa. Tim Duncan, mdakaji wao mkubwa, yuko benchi, kwa kuwa kocha Gregg Popovich alitaka watu wepesi wa kuwakimbilia watupaji. Chris Bosh anadaka ribaundi. Ray Allen anarudi kinyumenyume mpaka kona ya kulia bila kutazama chini, miguu inatua nyuma ya mstari, anapokea, anatupa. Sekunde 5.2. 95-95. Miami wakashinda muda wa nyongeza, wakashinda na mechi ya saba.

Nilichelewa kazini. Lakini hesabu: Leonard angepata mtupo wake wa pili, LeBron ana pete tatu na Duncan sita. Wao wawili hawakuwa wanaugusa mpira wakati hilo linaamuliwa. Mmoja alikuwa ameketi. Mwaka 2021 Kevin Durant alitupa kwa Brooklyn sekunde moja kabla ya mechi ya saba dhidi ya Milwaukee kwisha, ukaingia, lakini ncha ya kiatu ilikuwa imekanyaga mstari. Pointi mbili badala ya tatu, 109-109, Milwaukee wakapona muda wa nyongeza, na wiki chache baadaye Giannis Antetokounmpo akafunga 50 akawa bingwa. Kiatu kingekuwa namba moja pungufu, leo tungekuwa tunamwambia Giannis maneno yale yale unayoambiwa wewe kuhusu Iverson.

Umeniuliza ningewapanga vipi. Jordan wa kwanza, kwa sababu sikumbuki mfululizo wa mechi ambao wapinzani walipata dawa yake baada ya 1990. LeBron wa pili, si mbali. Kareem wa tatu, na nitalala nikiwa na amani. Russell wa nne, na ukinisukuma kwa ile kura ya wachezaji wa 1962 nitampandisha. Kisha Magic Johnson, Duncan, Chamberlain, Olajuwon, Bird na Curry, kwa mpangilio ninaoubadilisha kila mwezi.

Iverson hayumo. Lakini usiondoke umenuna, kwa sababu pete haihusiki. Wenzake wa Philadelphia 2001 walikuwa wakabaji wazuri na wafungaji wachache. Mkubwa wao alikuwa Dikembe Mutombo wa Kinshasa, naye hakuwahi kupata pete, na picha inayomkumbusha dunia nzima ni ya raundi ya kwanza tu: 1994, Denver ya nafasi ya nane imeitoa Seattle iliyoongoza ligi, yeye amelala chali sakafuni, mpira ameukumbatia juu kwa mikono miwili, analia kwa furaha. Hapakuwa na mtu wa kumpunguzia Iverson mzigo wa kufunga, na aliubeba. Ninachomtoa nacho ni kwamba katika maisha yake yote alipata mitupo 42.5 kwa kila mia, akitupa mingi kila usiku, na kwa umbo lake timu zilimtafuta upande wa kukaba. Hilo unaweza kulipinga kwa hoja. Anza na swali la ni nani mwingine kwenye timu ile angetupa.